Miezi Sita ya Bi Kitambaa

Ijumaa hii, tarehe 28, afisa wetu mkaguzi wa hewa anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Mimi, karani wa masijala, nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe, kwa kuwa nimetunza mafaili yake miaka kumi na tisa. Nimeandika mara nne na kuchana mara nne. Mtanisamehe hii ya tano isipokaa sawa, maana mwenzenu bado nimepigwa na butwaa.

Alianza kazi hapa akiwa binti mwembamba, akapewa meza inayoyumba na daftari la malalamiko. Mashine za kupimia hewa hazikuwapo, kwa hiyo akajitungia kipimo chake: kitambaa cheupe cha mkononi. Alikwenda kwenye nyumba iliyo karibu na bomba la moshi, akafuta ukingo wa dirisha mara moja tu, akaandika tarehe pembeni, akakibana kitambaa kwenye faili. Mashine zilipokuja alizisomea na kufaulu vizuri sana, lakini kitambaa hakukiacha. Ndiyo maana kwa walinzi wa magetini yeye ni Bi Kitambaa, na sidhani kama wanalijua jina lake jingine.

Vituko vyake havihesabiki. Meneja mmoja, aliposikia anakuja, aliamuru miti yote ya uani ioshwe kwa mpira wa maji. Bi Kitambaa akaisifu miti, akamwomba mlinzi kofia yake, akaifuta, kitambaa kikatoka cheusi. Ikabaki ya kusimulia. Meneja mwingine alimkaribisha chai. Alifuta kisahani kwanza, akakitazama kitambaa, akashukuru na kusema chai atakunywa akirudi ofisini. Akiwa na miaka hamsini na saba alipanda ngazi ya bomba hadi juu kabisa, huku dereva wetu akiishikilia chini, macho kayafumba.

Viwanda vinne vilifunga vichujio kwa sababu yake. Na muda wa nyongeza wa kuvifunga? Katika miaka yote hiyo hakumpa mtu hata siku moja. Kwake hapakuwa na cha mkubwa wala shemeji.

Sasa tuje kwenye kiwanda cha saruji, kilichotakiwa kuwa na vichujio vipya kufikia mwisho wa mwezi huu. Kiliomba kiongezewe miaka miwili. Kilidai kilituletea michoro ya vichujio hivyo tuidhinishe, na kwamba hatukujibu, na bila idhini yetu hakiruhusiwi kufunga hata bolti moja. Tulicheka hadi chai ikatupalia. Kisingizio gani hicho, jamani!

Nyuma ya kiwanda hicho anaishi dada mkubwa wa Bi Kitambaa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Mtaa ule sufuria hufunikwa kwa kifuniko na juu yake kitambaa, na nguo huanikwa ndani. Huyo dada ana kikohozi cha siku nyingi. Majirani wakikisikia ndipo wanajua ameamka. Bi Kitambaa alimwahidi kwamba kabla hajastaafu, bomba lile litakuwa safi. Sote tuliijua ahadi hiyo, maana alikuwa akiisema kila mwaka mpya.

Wiki tatu zilizopita akatia saini. Alikipa kiwanda miezi sita.

Mpiga chapa, kwa mazoea, alikuwa ameshaandika kwamba ombi limekataliwa. Bi Kitambaa aliporudisha barua isahihishwe, mpiga chapa alimshika paji la uso kuona kama ana homa. Mkuu wa ofisi aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaivaa, akaisoma tena. Dereva alikaa kwenye ngazi za nje akashika tama. Hapo maneno yakaanza: eti amelainishwa, eti kumbe alikuwa akisubiri mwisho wa kazi. Waliokuwa wakimwamkia kwa kuinama wakawa wanapita kama hawamwoni. Dada yake akamtumia ujumbe kwamba asikanyage mlango wake, na kwamba kwenye sherehe hii yeye haji.

Bi Kitambaa hakujitetea. Taarifa yake ilikuwa na sentensi moja: ucheleweshaji ulitokea ofisini kwetu.

Ulitokea kwangu. Dirisha la masijala halina komeo, limevunjika siku nyingi, nami kila asubuhi nilikuwa nikilitegemeza kwa bomba la karatasi ngumu ili tupate hewa. Siku moja mvua ilishuka ghafla. Bi Kitambaa, aliyekuwa amefuata faili, alikimbilia dirisha na kulivuta lile bomba. Kifuniko kikafyatuka. Ikatoka michoro ya vichujio, na ndani yake barua ya kiwanda, ina muhuri wa kupokelewa, saini yangu, na tarehe ya miezi saba nyuma. Niliipiga muhuri nikaiweka kando niiandikishe baada ya chakula cha mchana, nikasahau. Miezi saba nimekuwa nikitegemezea dirisha barua ya watu!

Bi Kitambaa aliisoma yote akiwa amesimama, bega limelowa, kisha akahesabu kwa kidole kwenye kalenda yangu ya ukutani: miezi saba, toa mmoja tunaoruhusiwa kwa kujibu. Sita. Nilimwambia nitamwaga unga. Akaniambia kiwanda kile ni kichafu lakini kwa hili kimesema kweli, na kwamba tukiificha barua hii hatutakuwa na mdomo wa kumwambia mtu yeyote habari za masizi. Akanituma nikaushe michoro. Aliiidhinisha wiki hiyohiyo, akaweka sharti kwamba kwa miezi yote sita tanuru la pili la kiwanda lisiwashwe. Jina langu hakulitaja popote.

Nami nikanyamaza wiki tatu, nikimtazama anakula peke yake. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo. Leo asubuhi nimemweleza mkuu kila kitu, nikampa wasifu huu na kumwomba asifute hata mstari mmoja. Akaandika juu ya karatasi kwamba ichapwe.

Nakala ya kwanza dereva ataipeleka nyuma ya kiwanda. Dada mkubwa, mdogo wako hakuuza kifua chako. Moshi wa miezi hii sita ni wangu mimi. Kiti chako kipo mstari wa mbele. Njoo, na kama ni kununa, nuna nami.

Bi Kitambaa, asante kwa miaka thelathini na mitatu, na asante kwa lile ulilonisitiri. Wenzako wote tunakuombea mapumziko ya raha na afya tele. Na Ijumaa, Mungu akipenda, uketi na dada yako ubavuni.