Niliomba Hofu Iondoke, Ikabaki

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wa nyuma sijawasikia, basi Bwana asifiwe na huko nyuma. Mchungaji ameniambia niseme kwa ufupi, na ninyi mnanijua, ufupi si kipawa changu. Mnivumilie.

Kwa wageni wetu, mimi ni Mama Awuor. Nilizaliwa Luanda Kotieno, pale feri inapovukia kwenda Mbita, na tangu nipate akili nimekuwa nikianika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Ile miaka gugu maji lilipofunga ziwa, mashua zikashindwa kutoka, nilikunja nyavu zangu za kuanikia nikamfuata mume wangu hapa Kisumu. Yeye alikuwa akiyeyusha alumini katika yadi moja ya vyuma kuukuu upande wa Kondele. Mwenye yadi, tuliyemwita Mzee Ogola, akanipa kazi ya kuchambua: sufuria zilizotoboka huku, pistoni za magari huku, na chochote kinachoshikwa na sumaku kule kwenye chuma.

Ndugu zangu, siku ya kwanza nilipoliona lile tanuri nilishikwa na hofu. Lilikuwa shimo la matofali linalokula oili chafu, linanguruma kutwa, na ndani yake alumini nyeupe inatikisika kama maziwa. Mume wangu alisimama ukingoni na fimbo ndefu ya chuma, anakoroga, kifua wazi, akala za tairi miguuni. Mtu aliyekoroga kabla yake alirudishwa kwao Bondo akishikwa mkono, kwa sababu macho yote mawili yaliungua. Wenzangu waliniambia habari hiyo huku wakicheka, kama watu wanavyolichekea jambo la kutisha wakishalizoea.

Nikaanza kuomba, na niliomba kitu kimoja tu: Bwana, niondolee hofu hii. Nilifunga. Nilikuja hapa mbele nikawekewa mikono, na baadhi yenu mlikuwepo. Nikirudi yadini, mume wangu akiishika ile fimbo, nageuza uso nisione. Niliona aibu sana. Nilijiuliza ni wokovu gani huu wa mtu anayetetemeka kila asubuhi.

Kisha bei ya alumini ikapanda. Wanunuzi wa Nairobi ambao zamani tuliwangoja mpaka tukachoka, sasa wao ndio waliokuwa wakitungoja, lori limesimama mlangoni. Mzee Ogola akatukusanya sote.

"Kuanzia leo hakuna kitu inatupwa hapa," akasema. "Hata ile majivu iko nyuma ya choo, hiyo ni mali."

Nieleze hayo majivu. Alumini ikiyeyuka, uchafu unaelea juu, na mkorogaji anauengua na kuumwaga nje. Ukipoa unakuwa majivu mazito ya kijivu, lakini ndani yake mna punje za alumini iliyotoka pamoja nao. Kwa miaka mingi tulizitupa. Rundo lilikuwa limekua mpaka mbuzi wa jirani wakawa wanapanda juu yake kuota jua.

Sasa zitatolewaje? Alikuwepo Mama Pamela, mwanamke wa ziwani kama mimi. Akalitazama lile rundo, akasema, "Kwani hii si ni kama kuosha omena tu?" Tukayaponda majivu kwenye kinu, tukayatia katika wavu wa omena, tukayatikisa ndani ya pipa la maji. Vumbi likapita, punje zikabaki zinang'aa. Tukazitandaza juani juu ya wavu mwingine, tukazigeuza kwa mikono, na tulipozirusha zikalia chakarachakara tukajua zimekauka. Kila mwanamke wa ufuoni huijua omena iliyokauka kwa mlio wake. Mzee Ogola alifurahi mpaka akatununulia soda.

Ndipo mvua za masika zikaanza. Jua likawa la kuchungulia tu, na lori halikungoja jua. Tulianika kidogo, tukasikiliza mlio, tukajaza magunia. Siku moja nilitia mkono katikati ya gunia nitoe kijiti kilichoingia, nikakuta ndani mna joto. Tena palitoka harufu kali ya kuchoma pua, kama ya choo cha shimo wakati wa kiangazi.

Wanaoanika omena hapa wananielewa. Omena inaweza kulia vizuri kabisa juu, lakini ukikuta gunia lina joto ndani, ujue haikukauka, inaharibika. Nikajiambia, alumini haiozi, we mwanamke, acha ujinga. Lakini mkono wangu ulikuwa umeogopa tayari.

Tanuri nalo likaanza kutema. Punje zikiingia, unasikia pa, pa, na matone yanaruka. Wanaume wakalipa jina, wakasema tanuri linakaanga bisi. Mume wangu alirudi nyumbani na alama mpya mikononi kila jioni. Nikamwambia, Baba Awuor, hayo magunia yana joto, kuna kitu kibaya humo.

"Min Awuor," akanijibu, "wewe unaogopa hata kivuli yako. Si moto inakausha kila kitu?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. Nikaenda kwa Mzee Ogola, naye akasema joto hilo ni la jua, na jua lenyewe hatukuwa tumeliona wiki nzima. Basi nikarudi kuchambua. Ndugu zangu, sitaki kuwadanganya, siku zile niliishi kama mtu aliyefiwa. Chakula hakikupita. Asubuhi mume wangu akinawa uso, nilimtazama macho yake, nikawa nayaaga kimoyomoyo. Nikapiga magoti tena: Bwana, niondolee hofu hii, inaniua.

Asubuhi moja lori lilikuwa limeshafika. Mvua ilikuwa imenyesha, magunia yameshinda chini ya bati linalovuja kule mlangoni. Mume wangu akaweka pistoni tanurini, na juu yake akamwaga gunia zima la punje ili zishuke polepole pistoni zikiyeyuka. Akachukua fimbo akakaa pale ukingoni kwenye kiti chake kungoja kukoroga. Vijana wawili wakaja kuchukua gunia la pili. Nikaligusa. Lilikuwa linachemka kama mtoto mwenye malaria.

Ningependa kuwaambia kwamba nilijazwa ujasiri nikasimama nikakemea. Haikuwa hivyo. Nilianguka juu ya magunia, nikayakumbatia, na mdomoni mwangu kikatoka kilio. Si kilio cha kawaida. Ni kile cha matanga, cha kwetu, cha mkono kichwani, na nilikuwa namtaja mume wangu kwa jina lake na kumwita marehemu.

Wajaluo wenzangu mnajua nilichofanya. Mtu haliliwi akiwa hai. Ni mwiko, ni kumwitia kifo. Yadi nzima iliduwaa, halafu wanaume wote wakaacha walichokuwa wakifanya wakanikimbilia wanizibe mdomo. Mzee Ogola mwenyewe alitoka kwenye mizani yake. Na mume wangu alikuja mbele ya wote, fimbo ingali mkononi, amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Unanilia na mimi niko hai? Nani amekutuma?"

Alikuwa bado anasema tanuri lilipopasuka.

Sijui niwaeleze vipi ule mlio. Niliusikia kifuani, si masikioni. Mabati ya paa yakaondoka. Alumini ikatunyeshea, na tone moja likampata mume wangu begani. Mkimwomba atawaonyesha kovu. Moshi ulipopungua tuliona pale alipokuwa amekaa. Ardhi yote ilikuwa imefunikwa na alumini nyeupe, inatoa mvuke, na kiti chake cha mbao kinawaka. Mzee Ogola alikaa kwenye matope, akaanza kuita majina ya wafanyakazi, mmoja mmoja. Kila aliyeitwa aliitika.

Kila aliyeitwa, ndugu zangu!

Baadaye fundi mmoja alitueleza kwamba zile punje zina vitundu vidogo vinavyoficha maji, na maji yakizama ndani ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja na kurusha kila kitu. Mlio wa juu ulikuwa umetudanganya; joto na harufu ndivyo vilivyosema kweli, maana majivu hayo yakilowa huchemka yenyewe. Siku hizi hatuoshi tena. Tunachekecha majivu yakiwa makavu, tunatema vumbi jioni, na punje zinakaangwa kwanza juu ya bati la chuma mpaka mtu asiweze kuzisogelea. Alumini tunayopata imeongezeka, haikupungua. Na Mzee Ogola haruhusu gunia liguse tanuri kabla sijatia mkono.

Mume wangu hakuwa mtu wa kanisa. Siku ile nyumbani, bega limefungwa kitambaa, akaniuliza, "Hiyo miezi yote ulikuwa unaomba nini?"

Nikamwambia niliomba Mungu aniondolee hofu.

Akasema, "Basi nimshukuru hakukupa." Jumapili iliyofuata alivaa shati akanifuata hapa.

Namshukuru Mungu aliyeniacha niogope. Na kuna mtu hapa leo ameomba, amefunga, amewekewa mikono, na bado anatetemeka juu ya mtoto, au mume, au jambo asiloweza kulitaja. Umeona aibu, umekaa nyuma. Ndugu yangu, dada yangu, usingoje hofu iishe ndipo uje kwa Bwana. Njoo nayo, umkabidhi ikiwa bado inatetemeka, umwamini. Nitasimama nawe hapa mbele. Mimi pia naogopa, na kesho asubuhi mume wangu anarudi kukoroga.