Nyakio Kang'ethe, Aliyeunganisha Habari za Mtandaoni Zikawafaa Watu

Marehemu Nyakio Kang'ethe alizaliwa tarehe 9 Aprili 1983 huko Dundori, kifungua mimba wa Mzee Kang'ethe na Mama Wangechi, wakulima wa viazi. Alisoma shule ya msingi pale nyumbani, sekondari mjini Nakuru, na mwaka wa 2007 akahitimu shahada ya kompyuta jijini Nairobi.

Aliajiriwa Nakuru na shirika lililokusanya data za afya, hali ya hewa na barabara. Kilichomkera ni kwamba kila habari ilikaa kwenye tovuti yake, kama majirani wa ploti moja wasiosalimiana. Akaziunganisha. Wa kwanza kuonyeshwa alikuwa mama yake: ukurasa mzima wa viduara na mistari.

"Haiya! Sasa hii inasema nini?"

"Inaonyesha vile data zimeshikana, Mami."

"Mimi nataka tu kujua kama kesho daktari ako, na kama barabara inapitika."

Nyakio alicheka mpaka machozi, kisha akaijenga tovuti yake upya. Safari hii mtu aliuliza kwa Kiswahili cha kawaida, hata kwa ujumbe wa simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, akajibiwa kwa sentensi moja.

Tarehe 14 Desemba 2013 alifunga ndoa na mwalimu Quincy Adongo. Walijaliwa binti, Akoth.

Mei 2022, mtoto wa Jepleting, mkulima wa Subukia, aliumwa na nyoka. Mvua ilikuwa imesomba daraja la njia ya karibu. Jepleting akaandika kwenye simu: "Dawa ya nyoka iko wapi?" Jibu lilimtajia hospitali iliyokuwa na dawa siku hiyo, pamoja na njia ya mzunguko iliyopitika. Mtoto akapona. Baadaye Jepleting alikuja ofisini na kuku wawili.

"Madam, hiyo kitu yako ilinijibu kama mtu."

Nyakio akamkumbatia.

Mwaka wa 2023 alipatikana na saratani ya matiti. Hata wodini aliendelea kumfundisha mwenzake wa kazi, Hemali, kuiendesha tovuti hiyo, na kumsisitizia: "Usiifanye itupendeze sisi wa kompyuta. Iwajibu watu." Alituaga alfajiri ya tarehe 3 Agosti 2025, Quincy akiwa amemshika mkono.

Ameacha mumewe Quincy, binti yake Akoth, wazazi wake, na mdogo wake Jamleck, anayewasomea maneno haya. Tunalia, lakini si kwa kukata tamaa. Juma lililopita Hemali aliiwezesha tovuti kujibu kwa Kikuyu na Kikalenjin pia, na asubuhi ya leo, tukijiandaa kuja hapa, kuna watu waliouliza na wakajibiwa.

Mungu akupe pumziko la amani, dada yetu.