Mkeka wa Fuatino

— Umekasirika, mzee, au umeumia?

Mzee Tuiala, aliyeulizwa, aligeuza uso kuelekea barabarani kana kwamba swali limetoka kwa mbwa wa dukani. Breki akajifanya anatafuta kitu ndani ya kikombe chake. Redio, ambaye kunyamaza kwake ni ugonjwa, akaanza kukoroga koko, kakao nzito ya hapa, iliyokwisha kukorogwa. Benchi lenyewe ni kiti kilichong'olewa kwenye basi kuukuu, kikaegemezwa kwenye ukuta wa duka pale mabasi yanapogeuzia, kusini mwa kisiwa cha Upolu. Kila Ijumaa, shule ikishafungwa saa saba, wanaume hawa watatu huketi hapo kuitengeneza Samoa ambayo, kwa maneno yao, imeharibiwa na watu wengine. Breki jina lake ni Lagi, dereva. Anaitwa Breki kwa sababu basi lake halina. Redio ni Iosua, muuza koko, mwenye birika jeusi na habari za kila nyumba. Tuiala hana jina la utani, maana ni chifu, tena mwenyekiti wa kamati ya shule, na nani atathubutu? Aliyeuliza swali ni Taimane, mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye miaka ishirini na minne, aliyekuwa bingwa wa midahalo chuoni Apia. Hapa kijiweni wanamwita Hoja. Saa tisa kamati ingekutana kulifuta somo lake la kuwafundisha watoto kuzitambua hisia zao na za wenzao. Hakuja kunywa koko.

— Mwoneni! — Redio alipata sauti. — Anamuuliza mkubwa kama anavyoviuliza vitoto vyake. Hoja, huyu si wa darasa la kwanza.

— Najua. Wa darasa la kwanza angekuwa ameshajibu.

Breki akapaliwa.

— Mwalimu, — alisema Tuiala bila kumtazama, — mimi nina swali moja tu. Ifoga ni ya nini?

— Unajua, mzee.

— Sema, na hawa wasikie.

— Ya damu, — Breki aliingilia. — Mtu kaua, jamaa zake wanajifunika mkeka wa heshima, wanaketi mbele ya nyumba ya wafiwa, vichwa chini, mpaka wenye nyumba watoke wawafunue. Au watoke na mapanga.

— Ya damu! — Tuiala alidakia. — Sasa mjukuu wangu ana miaka sita. Kamuua nani?

Yaliyotokea Jumatano kila mtu aliyajua, na kila mtu alikuwa na chake cha kuongeza. Alfajiri, Fuatino, mjukuu wa Tuiala, aliutoa sandukuni mkeka mwororo wa bibi yake, akauburuta barabara nzima, akaketi mbele ya nyumba ya Breki na kujifunika gubigubi. Siku moja kabla, darasani, alikuwa amemwambia Masina, bintiye Breki, kwamba mama yake huyo Masina, aliyekwenda New Zealand kuchuma matufaha amepata watoto wengine huko na hatarudi. Masina hakulia. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani, na tangu hapo hajakanyaga shule.

— Mimi nilikuwa naoga, — Breki alisema. — Natoka nje na povu kichwani, naona mkeka wa machifu uwanjani kwangu, na chini yake kitu kimejikunyata. Nikajua tu, mmoja wetu kafa. Nikaanza kuhesabu ndugu zangu.

— Na povu? — Redio aliuliza.

— Na povu. Tuko kumi. Nikafika tisa, nikamkosa mmoja, nikapiga ukelele. Kumbe niliyemsahau ni mimi.

— Mimi niliposikia ukelele nikatangaza msiba, — alisema Redio, kwa fahari kidogo. — Mchungaji akapiga kengele. Dada yangu akaanza kupasha moto mawe ya kuchomea nguruwe wa matanga. Yule nguruwe aliponea chupuchupu.

— Na mimi, — Tuiala alisema, — nikakimbia bila shati mbele ya kijiji kizima, nikamtoa mjukuu wangu chini ya mkeka kwa kumshika sikio. Mkeka ule umezika machifu wawili. Umeozesha mabinti wanne. Sasa una tope na, mnisamehe, una makamasi.

— Makamasi ya kulia, mzee, — Taimane alisema.

— Makamasi ni makamasi.

— Shida ni ile karatasi ya nyuso uliyobandika ukutani, — Redio alimgeukia Taimane. — Nyuso kumi na mbili! Sisi tulikua na mbili tu, umeshiba au una njaa. Mtoto ukimpa kumi na mbili, lazima azitafutie kazi hizo kumi za ziada.

— Masina aliniuliza nikiwa kwenye usukani, — Breki alisema, — tunateremka mlima: "Baba, mwili wako unasema nini?" Nikamwambia unasema hatuna breki.

— Ulijibu vizuri, — Taimane alisema. — Hilo ndilo somo.

— Na raga je? — Redio alikuwa ameshasimama, mwiko mkononi. — Kizazi hiki kikikua, kijana anamfukuza mpinzani mwenye mpira, anamfikia, badala ya kumbwaga anamuuliza: kaka, nikikuangusha utajisikiaje? Watonga watatutandika pointi mia! Halafu na wao, kwa kutuonea huruma, watakuja na ifoga. Uwanja mzima mikeka! Mpira uchezewe wapi?

— Utachezewa juu ya mikeka, — alisema Breki.

— Cheka tu. Huko ng'ambo yalikotoka mambo haya, nasikia watu wanayaomba radhi magimbi kabla ya kuyachemsha.

— Ulisikia wapi?

— Redioni.

— Redio yako haina betri tangu Krismasi.

— Ndiyo maana nilisikia bila kelele.

Taimane alikuwa ameandika hoja tatu kwa kalamu kwenye kiganja chake, kama zamani chuoni. Akakifungua kiganja.

— Mmemaliza? Basi nisikilizeni. Nilifundisha mambo matatu. Taja ulilofanya. Mwendee uliyemuumiza. Ngoja. Hayo tu!

— Ngoja chini ya mkeka? — Tuiala aliuliza.

— Mkeka sikuutaja. Mkeka ulikuwa nyumbani kwako, mzee, na maana yake kaikuta nyumbani kwako. Kila Jumapili mnalalamika watoto hawashiki mila. Mmoja kaishika, kwa mikono miwili, tena kaiburuta barabara nzima, nanyi mkamshika sikio! Ninyi mkigombania uzio wa nguruwe mnanuniana miaka saba. Yeye hakumaliza hata usiku mmoja. Hebu niambieni, hapo nani amfundishe nani?

Maneno yake yaliwaingia. Redio aliketi. Breki aliguna kwa kukubali, kisha akajutia mguno wake. Taimane akausikia ule utamu wa zamani ukimpanda kifuani, utamu wa ukumbi unaopiga makofi.

— Umeshinda, — Tuiala alisema taratibu. — Saa tisa somo tutalifuta.

Utamu ukageuka nyongo. Alikuwa ameshinda mdahalo na kupoteza somo, na alijua kwamba neno moja zaidi la ukali lingempa raha tena, wala lisingemsaidia mtoto hata mmoja wa darasa lake. Akafumba kiganja.

Hapo ndipo alipokuja bibi mmoja mwenye mwavuli na kapu la mashelisheli, mgeni kutoka kisiwa cha Savai'i, akauliza basi la kwenda kivukoni linaondoka saa ngapi.

— Likijaa, bibi, — alisema Breki. — Kaa kwanza, unywe koko.

Bibi akaketi, akapewa kikombe. Redio hakuweza kujizuia, akamsimulia kisa chote kuanzia povu mpaka nguruwe. Bibi alisikiliza, akinywa kidogo kidogo, wala hakucheka palipotegemewa kicheko.

— Sasa huo mkeka, — aliuliza, — nani aliufunua?

— Mimi, — alisema Tuiala.

— Nawe ni wa nyumba ipi?

— Ni babu yake mtoto.

— Unawezaje kumfunua wa kwako? Walioumizwa walimfunua lini?

Tuiala alimtazama Breki. Redio aliinua birika amwongezee bibi. Zikadondoka chenga mbili za koko, basi. Taimane alikifungua tena kiganja chake: hoja tatu, na hakuna hata moja iliyouliza hilo. Siku mbili nzima alikuwa analipigania somo lake, na hakuwa amepiga hodi nyumbani kwa Masina hata mara moja.

— Basi, — alisema bibi, — mtoto bado yuko chini.

Lori likapita. Vumbi likatulia.

— Anakaa kwenye kona, — alisema Tuiala, kwa sauti ambayo kijiwe hakikuwahi kuisikia. — Fuatino. Namwita chakula, haji.

— Wangu anakaa dirishani, — alisema Breki. — Nilidhani anamtazamia mama yake barabarani. Kumbe sivyo. Anapatazama pale pale uwanjani palipokuwa na mkeka.

— Mwalimu, — Tuiala aliita. — Uliniuliza kitu.

— Ndiyo, mzee.

— Sikukasirika. Niliamka nikakuta sanduku wazi, mkeka haupo, nikajua mmoja wa wanangu kaua mtu. Niliogopa, mwanangu. Nilipomkuta ni huyu mdogo, hofu ilikuwa bado haijanitoka, na sikio ndilo lililokuwa karibu.

Redio akaliweka birika chini.

Taimane alitafuta jibu la akili, akalikosa, akafurahi kulikosa.

— Asante kwa kuniambia, — alisema. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaambia watoto kila asubuhi.

Tuiala alisimama, akalikaza shuka lake kiunoni.

— Kamati itanisubiri. Mkeka tumeufuta, umekauka. — Kisha akamgeukia dereva, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumuomba lolote zaidi ya kusimamisha basi, na akamwita kwa jina lake alilopewa na mama yake. — Lagi, tangulia nyumbani. Tunakuja, mimi na Fuatino, tutakaa chini wote wawili. Nakuomba, mwambie Masina atoke atufunue.