Zablon Machogu Anyona, 1958–2025: Karani Aliyejifunza Kutega Mbweha

Tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, ni Mzee Zablon Machogu Anyona. Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1958 hapa Sironga, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Anyona na marehemu Mama Bitutu. Anayesoma ni dada yake mdogo, Bochaberi, anayeuza ndizi soko la Nyaramba. Familia iliomba wasifu ufupishwe kwa sababu ya mvua. Hautafupishwa, na mwisho wake mtaelewa ni kwa nini.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza 1973. Alipita vizuri, akasoma sekondari miaka miwili tu. Baba alipofariki alirudi nyumbani akashika jembe ili wadogo zake wasome. Hakuwahi kumkumbusha yeyote jambo hilo.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa karani katika kituo cha kupimia majani chai karibu na Nyaramba, na huko ndiko jina la Karani lilikotoka. Siku moja mama yake mzazi alificha jiwe chini ya majani ili kikapu kiwe kizito. Marehemu alilitoa mbele ya foleni nzima, akasema kwa heshima zote, "Mama, jiwe lako nitakuletea jioni." Alimletea. Mama alilitumia kuzuia mlango wa jikoni mpaka alipofariki. Kwa marehemu, sheria ilikuwa sheria, awe mama, awe jirani, awe yeye mwenyewe.

Tarehe 16 Desemba 1984 alifunga ndoa na Gladys Bonareri wa Kiogoro. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lorna na Mose. Alistaafu mwaka 2019 na kubaki na shamba, kanisa, na kondoo wanane wa mkewe.

Mbweha walianza kuja mwaka jana, kutoka kwenye mikaratusi iliyo juu ya mto. Kufikia Desemba kondoo wanane walikuwa wamebaki wawili. Januari akabaki mmoja, naye alikuwa na mimba. Bonareri alimlaza jikoni na kumwambia mumewe, "Baba Lorna, huyu akienda, usiniletee mwingine. Sina nguvu ya kulea chakula cha mbweha." Basi marehemu, akiwa na miaka sitini na sita, akaamua kujifunza kutega.

Mtego wa chuma ulinunuliwa na Bochaberi kwa Sabir, muuza vyuma wa Kisii mjini. Sabir alisema, "Mama, chukua na hii fimbo yenye kitanzi. Unamshika mnyama shingoni ukiwa mbali. Mtego bila fimbo ni nusu ya kazi." Bochaberi alimjibu, "Ondoa fimbo, punguza bei." Sabir alipunguza. Bochaberi alirudi Sironga akijisifu.

Mwalimu wa marehemu alikuwa jirani yake, Mokua, aliyetega tangu ujana. Wiki tatu za kwanza marehemu alikamata jogoo mmoja, jogoo wa mchungaji wa kanisa, na gumbuti lake mwenyewe likiwa na mguu ndani. Mokua alicheka mpaka akakaa chini. "Karani, umenawa sabuni! Mbweha akinusa hapa anajua hata kanisa unaloenda." Akamfundisha kuchemsha mtego na majani ya mkaratusi, kuushika kwa mfuko uliopakwa samadi, kuufukia njiani anapopita mnyama na kuchekechea udongo juu kama unga. Akamfundisha pia kwamba mtego huangaliwa asubuhi na jioni, kila siku, bila kukosa.

Hapo ndipo sheria mbili zilipokutana. Marehemu hakugusa kazi siku ya Sabato, kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya jua kuzama alikwenda kuufunga mtego. Ijumaa tarehe 28 Februari mvua ilimshika shambani, jua likazama kabla hajafika. Aliuacha wazi.

Jumamosi asubuhi Bonareri alisikia mlio. "Kuna kitu kwenye mtego."

"Ni Sabato, Mama Lorna. Kitangoja."

Kilingoja siku nzima. Jua lilipozama, marehemu na Mokua walikwenda na panga moja na tochi. Mbweha alikuwa amelala ubavu, mate mdomoni, kana kwamba hapumui. Mtu mwenye fimbo angemgusa kwa fimbo. Marehemu alimgusa kwa mkono. Mnyama alimuuma kiganja na hakuachia. Mokua alipojaribu kufungua taya, akaumwa kidole. Walimuua kwa panga, wakarudi wakicheka kama vijana.

Bonareri alimwambia aende akadungwe sindano. Marehemu alimwaga mafuta ya taa kwenye kidonda, akasema, "Sindano ni za walioumwa na mbwa. Huyu ni mnyama wa msitu, anakula vizuri kuliko mimi." Kidonda kilipona vizuri sana. Tarehe 10 Machi kondoo alizaa pacha, na marehemu akamwita kila mpita njia aje kuwaona.

Tarehe 22 Aprili mkono ulioumwa ulianza kumwasha na kumchonyota. Siku ya tatu aliomba maji, akaletewa, akayaona na koo likajifunga. Jumamosi tarehe 26 alilazwa hospitalini Kisii. Daktari aliuliza habari za mbwa. Bonareri akasimulia habari za mbweha. Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, mngemleta Machi. Kichaa cha mbwa kikishaanza, hakuna dawa duniani." Kwa siku tatu aliomba maji na kuyaogopa. Alifariki Jumanne tarehe 29 Aprili, saa tano asubuhi, mkewe akiwa mlangoni kwa sababu kichaa kile hakikuruhusu tena mtu kumkaribia.

Siku hiyo Bochaberi alipitia kwa Sabir akanunua ile fimbo. Hakuomba apunguziwe bei.

Marehemu ameacha mjane, Gladys Bonareri, watoto, Lorna na Mose, wajukuu wanne, dada, Bochaberi, kondoo watatu, na mwalimu wake, Mokua, aliyeketi mstari wa pili akiwa na kofia ya kijivu.

Mokua aliumwa na mnyama yule yule, jioni ile ile. Jumatano tarehe 30 Aprili alidungwa sindano ya kwanza. Ya pili ilikuwa Jumamosi tarehe 3 Mei. Hakuenda, alisema ni Sabato. Mchungaji alimwambia kwamba kuokoa uhai siyo kazi inayokatazwa. Mokua akajibu, "Basi nitaenda nikishamzika Karani." Ya tatu ilikuwa jana. Jana alikuwa akichimba kaburi hili.

Mokua, ndugu yetu, kidole chako bado hakijakuchonyota. Tumekuuliza asubuhi ya leo na ukasema hapana. Tunaomba uwe umesema ukweli. Gari liko barabarani. Litaondoka udongo ukishafunika sanduku, kabla ya chakula. Chakula chako Bonareri amekifunga, utakula njiani. Mose atakaa kulia kwako na Bochaberi kushoto, na kama ni lazima kukubeba, vijana wa kubeba jeneza wako hapa na mabega yao bado yana moto.

Karani, lala. Mizani yako tumeifunga. Huyu mwingine hatukuletei.