Bati la Nyumba Yangu Liende Ilangale

Sogeeni wanangu, na wewe Marcelino zima hiyo simu, dhahabu ya Geita itanunuliwa hata usipokuwepo. Padre alinipaka mafuta jana, kwa hiyo ya mbinguni nimeyamaliza kadiri nilivyoweza. Yaliyobaki ni ya hapa Busela, na hayo hakuna padre wa kuniwekea sawa. Pale mlangoni amekaa Mzee Benjamini wa kitongoji cha Ilangale. Nimemwita mimi. Najua mnashangaa, maana mtu huyu hajakanyaga uani kwangu tangu Anisia hajaolewa, na tukikutana kigangoni tunapeana mkono wa amani kwa sababu katekista anatutazama. Mpeni kiti chenye egemeo, mgongo wake umechoka kama wangu. Benjamini, sikukuita tupatane. Nimekuita usikie kwa masikio yako, kesho asije mtu akakuletea maneno yangu yamepunguzwa.

Nianze na mali, iondoke njiani. Ng'ombe ni wa Dorika, kwa sababu ndiye aliyewahangaikia na ndiye aliyenigeuza kitandani tangu masika, na asitokee mtu hapa wa kunieleza habari za mtoto wa kike. Majaruba ya mpunga kule bondeni ni ya Anisia, hata kama anafundisha Kahama na anakaa Nyasubi na jembe amelisahau. Atatafuta wa kumlimia. Marcelino, wewe una mji wako Geita, una duka, wazee wenye mvi wanakupisha kiti ukipita. Nakuachia baiskeli yangu, na ukiona ni kidogo subiri nifike kwenye nyumba. Fedha ya mtu sidaiwi. Deni langu ni kwa watoto wa kijiji hiki, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Wadogo zako wanajua tulivyoanza habari ya kujenga shule, ila wewe Marcelino ulikuwa umeshaondoka, kwa hiyo nasema kwa ajili yako. Shule iliyopo iko ng'ambo ya machimbo, na mtoto wa darasa la kwanza akitoka huku lazima apite katikati ya maduara, mengine yana watu ndani wanachimba, mengine yameachwa wazi bila hata kipande cha ubao juu ya mdomo wake. Halmashauri ikasema, wananchi wakipandisha boma la shule shikizi mpaka kwenye lenta, wao wataezeka na kuleta walimu, na madarasa yakitosha itasajiliwa iwe shule kamili, yenye kamati yake na ruzuku yake. Kijiji kizima kilifurahi. Kisha likaja swali la kiwanja, na furaha ikaishia hapo. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, nikatoa eneo langu hapa kitongoji cha Busela, bure, mbele ya mkutano. Benjamini akasimama akasema watu wa Busela wana zahanati, wana kisima, na sasa wanataka na shule. Nikamjibu. Naye akanijibu. Maneno yale siyarudii; mama yenu aliyasikia akiwa hai, yakamtosha.

Basi Ilangale wakajitenga, wakaunda kamati yao, wakafyatua tofali zao. Ah, tulijenga wanangu. Wanawake wa Busela walisomba maji mpaka shingo zikavimba, ili tu boma letu lisipitwe na la Ilangale, na wanawake wa Ilangale nao hivyo hivyo. Katika kata nzima hakuna waliojenga kwa bidii kama sisi, na hakuna waliojenga kwa hasira kama sisi. Tukafika kwenye lenta wote, karibu siku moja. Ofisa elimu alipokuja alikuta maboma mawili katika kijiji kimoja, kila moja na vyumba vichache visivyotosha kusajiliwa, na vyote vikiwekwa pamoja vinatosha na kubaki. Akatuuliza aezeke lipi. Tukamjibu wote kwa mkupuo mmoja, akakosa hata pa kusikiliza. Zile bati zikaenda kata nyingine, na watoto wa kule wanasoma chini yake hadi leo.

Kisha wakaja watu wa mgodi, wale wa kusaidia jamii. Busela tukachinja beberu, Ilangale wakachinja ndama. Wageni wakala huku, wakala kule, wakasifu mapishi ya pande zote mbili, wakasema mkipatana mtatuita. Hatujawaita. Kuta zetu zimenyeshewa masika mengi sasa, mbuzi wanalala humo, vijana wanajificha humo kucheza karata. Na matokeo ya darasa la saba yakitoka, sisi tuko mkiani wilayani, halafu kwenye vikao wanasema wazazi wa huku hawajali elimu. Hatujali vipi, watu waliojenga mara mbili?

Nipe maji, Dorika. Kidogo tu, mayu, mama yangu.

Sasa sikieni kilichonifanya niwaite. Siku zile nilipokuwa bado naweza kuketi, nilimwambia Loveness, huyu wa Dorika, anisomee sala ya wagonjwa kwenye kitabu changu. Yuko darasa la nne. Akasoma vizuri, bila kukwama, sauti inapanda na kushuka pale pale ambapo ya katekista hupanda na kushuka. Nikafurahi. Nikamwambia, funua, endelea na ukurasa wa pili. Akafunua, akasoma yale yale. Nikamwambia, funua tena. Akafunua, akasoma yale yale, na safari hii alikuwa ananitazama usoni aone kama nimejua. Nilimshukuru, nikageukia ukutani, nikalia, nami sikulia hata tulipomzika mama yenu. Mtoto aliyeishika sala nzima kichwani kwa kuisikia tu si mjinga. Huyo angesoma chochote kama angepata mtu wa kumkalisha chini.

Mwalimu wake alipokuja kunijulia hali nikamuuliza. Binti wa watu, ana adabu zake, akaniambia, "Babu, Loveness anakaa nyuma, simfikii. Darasa limejaa mpaka mlangoni. Nikimaliza kuita majina na kuwanyamazisha, kengele inalia." Nikamuuliza habari za ruzuku, akasema hufika imechelewa, na ikifika huishia kwenye chaki na karatasi za mitihani. Sikumlaumu. Nilimwangalia nikaona amekonda kuliko mimi mgonjwa.

Marcelino, kaa vizuri sasa, tumefika kwenye nyumba. Hii nyumba uliiezeka wewe, bati la msauzi, jekundu, linaonekana tangu barabarani, na watu wanaposhuka kwenye gari wanaelekezwa kwalo. Ulinipa heshima, nami nilijivuna nalo, sikufichi. Najua umepanga kuipangisha kwa wanunuzi wa dhahabu. Matanga yakianuliwa tu, fundi apande juu, aliezue bati lote, kofia zake, mbao zake na misumari inayofaa, vipelekwe Ilangale viezeke boma la Benjamini. Usinikatize. Nimesema Ilangale, sijachanganyikiwa.

Unaniuliza Dorika atalala wapi. Nilimuuliza yeye kwanza kabla yako, kwa kuwa ndiye mwenye kunyeshewa. Atahamia nyumba ya uani, ile yenye bati la zamani linalovuja upande wa dirishani. Unajua alinijibu nini? "Baba, mvua ikija nitasogeza kitanda." Basi. Mtu mwingine asione uchungu wa nyumba hii kuliko Dorika.

Na wewe Benjamini usitabasamu. Sijasema ulikuwa na haki. Kiwanja changu kilikuwa kizuri kuliko chako siku ile, kilikuwa karibu na kisima, na hilo nitalisema hata huko ninakokwenda nikiulizwa. Lakini wachimbaji wamesogea, maduara yamefika nyuma ya boma letu, ukuta wa mashariki umepasuka kutoka chini hadi kwenye lenta, na mtoto hawezi kuwekwa hapo. Boma lako limesimama mbali na machimbo. Ndiyo sababu, wala hakuna nyingine. Watu wa Busela watabomoa boma lao wenyewe, kwa mikono yao, tofali zilizo nzima wazibebe mpaka Ilangale wakaongezee vyumba vilivyopungua. Wengine watakataa, watasema mzee alilishwa kitu. Waambieni nilisema nikiwa na akili zangu, na Benjamini alikuwepo. Nawe Benjamini, siku wakija na tofali, watu wako wasiwapigie vigelegele vya kuwacheka. Wapokeeni mizigo vichwani, wapeni maji. Kamati iwe moja, nusu yao nusu yetu, na shule isiitwe kwa jina lako wala langu. Itikia kwa kichwa nikuone. Haya, nimeona.

Lile eneo langu, Marcelino, nilisikia ulipokuja na wenzako mkapitisha kile kipimo chenu cha dhahabu kikalia. Mlidhani nimelala. Hata kama chini yake ni dhahabu tupu, lisichimbwe duara. Nililitoa kwa watoto mbele ya mkutano, kwa mdomo, na mdomo wangu ndio ulionilea mimi na nyie. Lilimwe mahindi, mahindi yawe uji wa shuleni, kwa sababu mtoto anayetoka nyumbani bila kitu tumboni anamwona mwalimu wawili wawili. Ukilitoa kwa wachimbaji, sikulaani, sijui kumlaani mtoto niliyembeba. Lakini nitakuwa nimekuomba jambo moja tu maishani na wewe utakuwa umeninyima.

Anisia, wewe ni mwalimu, unajua milango ya kugonga. Nenda halmashauri na Benjamini, mwende wawili, wawaone mtu wa Busela na mtu wa Ilangale wamekaa benchi moja. Ombeni usajili, ombeni walimu. Wakiwaambia njooni kesho, mje kesho. Usiwafokee. Umerithi ulimi wangu, na ulimi wangu ndio... basi, acha.

Niinueni kidogo. Hapo. Pumzi inakatika.

Mkinizika, msiwape watu wa siasa nafasi ya kusema, watazungumza mpaka mvua ije. Kwaya ya kigango iimbe, inatosha. Marcelino, umshike Dorika mkono kaburini, watu wawaone. Nawabariki wote watatu, kwa jina la Baba, na la Mwana... Anisia, nishikie mkono niumalizie msalaba. Hapo. Mungu awape usingizi mzuri kuliko niliokuwa nao mimi. Benjamini, nawe pokea, haikuumizi.

Kuna moja limebaki. Anisia, lete sikio. Karibu zaidi. Hayo niliyokunong'oneza ndiyo yaandikwe kwenye msalaba wangu chini ya jina, maneno hayo, usiongeze. Ni ya Loveness. Usimwambie mdogo wako, usimwambie kaka yako, na mtakaopita pale mkayasoma, yasomeni kimya. Yule mtoto akisikia kitu mara moja amekishika, na hapo hatutajua kama amesoma kweli. Bati likishapanda Ilangale, akishapata mwalimu wa kumfikia, atakwenda pale peke yake. Atasimama. Asisaidiwe. Dorika, atakuuliza, "Mama, babu ameandikiwa nini?" Utataka kumjibu, nakujua.

Usimjibu, mayu. Mwache asome.