Kadi ya Chanjo Isiyokuwa Yangu

Ndugu zangu, mzee wa usharika kanipa muda mfupi, na mnaona anavyoniangalia. Ananijua, nikianza kusema sinyamazi. Basi nitakwenda moja kwa moja. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyomkana baba yangu mpakani, na nikapona. Majina ya watu sitayataja, maana wengi wao wapo hai na mambo yao ni yao.

Mimi si mzaliwa wa hapa Ngenge. Kwetu ni Kaagya. Ujanani nilikwenda Uganda kulima kahawa za watu, kama wengi wetu. Siku hizo mpaka haukuwa na maneno. Ulifika Mutukula, askari akakuuliza habari za nyumbani, ukampa kahawa ya kutafuna punje mbili tatu, ukapita zako.

Kikaja kipindupindu. Ndani ya wiki chache mambo yote yakageuka. Kila anayeingia alitakiwa awe na hati ya safari, na kadi ya chanjo yenye mihuri miwili. Sindano mbili, na kati yake wiki nzima. Mwenye mhuri mmoja aliwekwa kambini pale pale siku tano, akiangaliwa kama ataugua.

Wakati huo huo dereva wa lori akaniletea habari: baba amefariki, ameshazikwa, na matanga yanamalizwa Jumamosi. Habari ilinifikia Jumatano. Mnajua maana yake kwetu. Siku ya kumaliza matanga ukoo unamkalisha mrithi, omusika, kwenye kiti cha marehemu, na huyo ndiye anayeshika kibanja, shamba la migomba la ukoo. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, lakini nilikuwa nimekaa ugenini miaka sita bila kurudi hata kusalimia. Nisipotokea siku ile, ningelalamika kwa nani?

Kadi yangu ilikuwa na mhuri mmoja. Nilikuwa naishi chumba kimoja na kijana wa Muleba, mwenzangu wa kazi, na yeye alikuwa na miwili. Akanipa kadi yake na hati yake, karatasi tu isiyo na picha. Akaniambia, "Nenda kwenye matanga, utanirudishia." Alinihurumia. Hakuna aliyekumbuka kwamba shambani pale watu wawili walikuwa wameharisha juma lile. Hapana, nasema uongo tena. Mimi nilikumbuka. Nikanyamaza.

Ijumaa asubuhi nikafika Mutukula. Chini ya turubai alikaa nesi, mama wa makamo, Mhaya mwenzetu. Akasoma kadi, akaniangalia, akaniuliza kwa Kihaya, "Wewe ni mwana wa nani?"

Ndugu zangu, mtu akikuuliza hivyo kwetu, jibu halitafutwi. Linatoka lenyewe. Mimi nikalimeza. Nikamtaja baba wa yule kijana wa Muleba, mzee ambaye sijawahi kumwona.

"Yu hai?"

"Yu hai, waitu," nikamjibu, kama tunavyomwita mtu wa kwetu kwa heshima. "Naenda kumsalimia."

Akagonga mhuri. "Basi nisalimie baba."

Nilitoka pale na kadi mkononi. Baba yangu alikuwa na siku chache tu kaburini na mimi nimeshampata mwingine. Lakini nilipanda lori. Kibanja nilikitaka, nawaambia kweli.

Hatukwenda mbali, tumbo likaanza. Mara ya kwanza nikamwomba dereva asimame, nikaingia vichakani. Mara ya pili nikaona kilichotoka ni maji meupe, kama uliyooshea mchele. Nikajua. Abiria hawakujua. Mama mmoja mchuuzi wa samaki, niliyekuwa nimemwambia naenda kwenye matanga, akanipa pole, akasema, "Ni uchovu tu na msiba, mwanangu. Vumilia, kesho utakuwa kwenu."

Kesho kwetu! Hapo ndipo nilipoona akilini watu wa matanga wamekaa chini kwenye nyasi, jani la mgomba katikati, ndizi na maharage, mikono yote inaingia pamoja. Mama yangu, wadogo zangu, wazee wa ukoo. Na mkono wangu humo humo.

Tulipofika Kyaka nikashuka. Nilijikokota mpaka kwa bwana afya nikamwambia, "Kadi hii si yangu. Mimi nina sindano moja, na naumwa." Nikamtajia jina langu na la baba yangu. Nililia pale kama mtoto, sina aibu kulisema.

Mnadhani nilishangiliwa? Lori zima lilizuiwa! Kila abiria akaingizwa kambini. Yule mama mchuuzi alinitukana matusi ya Kihaya ambayo mbele ya altare hii siyasemi. Alikuwa na haki, samaki wake wote walifukiwa. Lakini wawili katika wale abiria waliugua humo humo kambini, dawa ikiwa karibu, wakapona. Mimi nilitundikiwa maji ya mshipa mpaka nikapoteza hesabu ya chupa.

Jumamosi ilipita nikiwa nimelala. Mdogo wangu akakalishwa kwenye kiti. Na ni haki yake, amekitunza kibanja vizuri kuliko ambavyo ningekitunza mimi.

Nilipofika Kaagya, na karatasi ya daktari mkononi inayosema nimepona, watu waliniamkia kwa mbali, wamesimama barabarani. Shangazi aliniwekea chakula changu kando, nje, kwenye kibati. Sikumlaumu, lakini niliumia kuliko nilivyoumia kambini. Ndipo mama akatoka ndani. Akanawa, akaninawisha kwa sabuni, akatandika jani, akakaa mbele yangu. "Kula," akasema. Tukala jani moja, mimi na yeye, na watu wote wanatazama. Siku ya tatu shangazi naye akakaa.

Mwaka uliofuata vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa nikaja huku Ngenge, na migomba yangu mliiona ikianza na miche aliyonipa mdogo wangu.

Namshukuru bwana afya aliyenipokea bila kunifunga. Namshukuru kijana wa Muleba, na nilimwomba radhi kwa kumchukulia baba yake. Mama yangu namshukuru kila ninapokula.

Nilichojifunza kiko pale nyuma kabisa. Ile familia iliyokaa kule imerudi kutoka kambi ya kipindupindu tangu Jumanne, na karatasi ya daktari wanayo. Mmewapa benchi zima peke yao. Mimi nimemaliza, waitu. Nakwenda kukaa nao. Nafasi bado ipo.