Katibu Aliyekosa Akidi

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi wajumbe wa ligi mliojibanza huko nyuma karibu na geti, historia hii inasomwa na shemeji wa marehemu, fundi wa matairi, kaka wa mjane, ambaye yote mtakayoyasikia aliyashuhudia kwa macho yake haya mawili, hata kuzaliwa kwa marehemu, ingawa marehemu alimtangulia duniani kwa miaka minne, na mwenye kubisha asubiri tumalize kuzika.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu la Katibu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yake, akiwa mtoto wa tatu wa mshona nguo na mlinzi wa ghala, akalia mara moja, akawatazama waliokuwepo, akanyamaza, kama mtu anayehakikisha mahudhurio.

Alianza shule ya msingi Januari 1974, akamaliza darasa la saba mwaka 1980, kisha akaingia karakana ya baba yake mdogo kujifunza useremala, akafuzu tarehe 3 Agosti 1984, na kazi hiyo akaifanya mpaka nguvu zilipomwisha, akitengeneza milango, makabati na kaunta za baa, na ni hizo kaunta zilizomponza.

Tarehe 17 Aprili 1993 alifunga ndoa na dada wa msomaji, msusi, mwanamke ambaye hata chanuo likimwona hunyooka, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, wote wapo hapa mbele.

Mwezi Oktoba 2001 aliitwa kunyoosha meza ya pool iliyolala upande, katika baa ya karibu na kituo cha mabasi aliyoitengenezea kaunta, akakuta timu mbili zimeshikana mashati, kwa sababu mchezaji alitumbukiza mpira mweusi na ule mweupe ukaufuata shimoni, hawa wakisema kwetu huyo ameshindwa, wale wakisema kwetu huyo ameshinda, mpinzani anapewa pole tu, "kwenu ni kwenu, hapa ni hapa," na jino la mtu likiwa tayari juu ya kitambaa cha kijani, naye, pima maji mkononi, akatamka neno lililommaliza, "Jamani, si muandike sheria moja?" wakamjibu kwa sauti moja, "Andika wewe."

Akaandika. Aliandika sheria za mezani, akapanga ratiba ya baa zote za mtaa, akaunda kamati ya waamuzi na ya rufaa, na tarehe 12 Februari 2002 katiba ya ligi ikapitishwa, na ndani yake, kwa mkono wake mwenyewe, aliweka ibara kwamba katibu haachii kiti mpaka mwingine achaguliwe mbele ya theluthi mbili ya wajumbe, maana aliogopa asije mlevi akaitelekeza ligi katikati ya msimu. Wanasema mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo, lakini huu ulimnasa aliyeutega.

Kwa sababu kila mkutano mkuu wajumbe walifurika, wakapiga soga, wakawatukana waamuzi kwa heshima zote, ila mwenyekiti akitamka tu, "Sasa, uchaguzi wa katibu," huyu amekumbuka dawa ya mama yake, yule anatoka kuvuta sigara ilhali havuti, wa tatu anamfuata wa pili kumwazima kiberiti, mpaka akidi inavunjika, na Katibu anabaki kusoma kumbukumbu za kikao mbele ya viti. "Umechaguliwa tena?" mkewe alimuuliza kila mwaka. "Sijachaguliwa, nimebakizwa," naye alijibu, akavua viatu taratibu, kama mtu anayevua viatu vya watu wengine.

Mwaka 2019 moyo ulianza kumsumbua, daktari akamwambia aachane na mambo ya kumpandisha presha, akacheka mpaka akakohoa. Tarehe 20 Novemba 2021 dada wa msomaji aliona yatosha, akabeba kiti cha saluni, akakiweka mlangoni mwa ukumbi wa mkutano, akakikalia, na wazo hilo, ieleweke, lilikuwa la msomaji. "Mama, nipishe nitoke kidogo," nahodha mmoja akaomba. "Piga kura kwanza, kibofu kitakusubiri." Akidi ikatimia, Kinyozi wa pale kituoni akachaguliwa, makofi yakapigwa, na hapo marehemu, mkono mmoja kifuani, akanyanyua wa pili. "Mwenyekiti, hoja ya utaratibu. Mlango umezibwa na mtu asiye mjumbe. Uchaguzi ni batili." Aliyeshangilia wa kwanza ni Kinyozi. Wakarudi nyumbani mke na mume wamebeba kiti, huyu huku na huyu kule, na njiani mke akasema, "Wewe mwanamume umejifunga mwenyewe," naye akajibu, "Nimechoka, mke wangu, lakini sijachoka kiasi cha kuiba."

Alilazwa tarehe 2 Mei 2024, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, akafariki tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi, msomaji akiwa pembeni yake, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Mwambieni Kinyozi akalie kiti."

Na ni vema neno hilo lilipatikana, kwa kuwa katiba haikusema lolote kuhusu katibu kufa, na juzi tu, hapa msibani, manahodha wawili walichuchumaa kando ya mkeka wa mjane, wakamwambia, "Mama Katibu, pole sana, Mungu akutie nguvu, ila ile rufaa ya Jumapili utaisikiliza lini?" na dada wa msomaji, ambaye hajawahi kushika fimbo ya pool maishani, akauliza kwa sauti ya kuchoka, "Nani kamlalamikia nani?" Jana jioni Kinyozi alipelekewa neno la marehemu, akalia kama mtoto, akakubali mbele ya mashahidi.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuazima maturubai, maseremala wenzake waliolitengeneza jeneza hili na kulipima kwa pima maji, na wajumbe wote wa ligi, ambao leo, kwa mara ya kwanza tangu 2002, mmefika na hakuna aliyetoka.

Lililobaki ni hili, maana marehemu angenyanyua mkono. Pale kitandani hakusema kitu, alikuwa amelala, akaondoka hivyo hivyo, na habari ya Kinyozi ameitunga msomaji, ili dada yake apumzike. Kwa hiyo Kinyozi yuko huru kukataa, sasa hivi, mbele yetu, na mlango uko wazi.

Tunakungoja, Kinyozi. Nawe Katibu, pumzika, usinyanyue mkono tena.